Kutafuta Nafasi Posta, Saa Saba Mchana

Neno nafasi lina kazi mbili, na kila aliyewahi kuajiriwa Posta, Dar es Salaam, anazijua zote kwa tumbo lake. Nafasi ni mahali pa kukaa, na nafasi ni muda wa kukaa. Ukizipata zote kwa pamoja, umejinafasi. Saa saba mchana, Jumanne au Jumatano, kati ya sanamu ya Askari na bahari, kujinafasi ni kazi kuliko kushiba. Chakula kipo tele, bwana: wali maharage, ugali samaki, chipsi mayai, biriani, ndizi nyama. Kinachokosekana ni kiti ambacho hakuna mtu anayekitaka kabla hujamaliza kukikalia.

Najua humu tunahakiki vitabu. Ila kitabu nacho husomwa mahali fulani, na riwaya nyingi nilizoziandikia hapa nilizisoma mchana wa kazi, sahani kushoto, kurasa zimebanwa na chupa ya pilipili. Kwa hiyo leo naihakiki meza. Ladha sitaizungumzia sana, ladha ya Posta inajitetea yenyewe. Nina swali moja tu: baada ya tonge la mwisho, ni nini kinachokuinua?

Kwenye migahawa mingi ya Barabara ya Samora kinachokuinua ni bili. Upo mmoja, sitautaja, ambako niliagiza chai ya tangawizi baada ya kula ili nimalizie sura ya kitabu. Mhudumu aliileta chai na bili kwenye sinia moja, kisha akabaki amesimama. "Kaka, tunafunga hesabu ya meza." Saa saba na nusu mchana! Juu ya kichwa changu televisheni ilikuwa inarudia mechi ya jana yake kwa sauti ya kuziba masikio, na ukumbini hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa akiitazama. Nimeifikiria sana ile televisheni. Naamini haikuwekwa ili itazamwe. Iliwekwa ili watu wasizungumze, maana wanaozungumza huagiza soda moja wakakaa saa nzima.

Menyu ya pale ilikuwa ya Kiingereza, yenye sifa nyingi kuliko vyakula. Samaki ameokwa kwa ustadi, mboga ni za msimu, wali una harufu ya kuvutia. Muulize mhudumu huyo samaki ni changu au ni kibua, anakwenda kuuliza jikoni. Linganisha na ubao wa chaki wa mama ntilie uchochoroni, hatua mia moja kutoka hapo: LEO, wali nazi, maharage, mchicha, dagaa, samaki. Hakuna kivumishi hata kimoja. Samaki wakiisha, neno samaki linafutwa kwa kiganja. Sijaona maandishi mengine mjini yanayohaririwa kwa uaminifu namna hiyo, na nikisema mjini sivitoi vitabu tunavyoletewa humu tuvihakiki.

Hoteli kubwa nazimaliza haraka. Viti vinakumeza, hakuna anayekufukuza, na ukitoa kitabu wanakuwekea maji bila kuulizwa. Kiyoyozi ni cha kugandisha mafuta kwenye supu, lakini hilo linavumilika. Tatizo ni kwamba bafe moja inamaliza bajeti yangu ya chakula ya wiki nzima. Kule kinachokuinua ni hesabu ya kichwani, tena inakuinua kabla hujakaa.

Basi turudi kwa mama ntilie, maana hapo ndipo ubishi wangu ulipo. Napenda hilo jina la zamani kuliko mama lishe. Mama lishe ni jina la kwenye bango la semina. Ndani ya ntilie kuna sauti ya mlaji mwenyewe, ananyoosha sahani na kuomba atiliwe. Pale kwangu benchi ni la watu wanne, na biashara yote ya mchana inaanza saa sita na nusu, inaisha saa nane. Sahani ni elfu mbili mpaka elfu tatu. Fanya hesabu mwenyewe: kila mlaji akikaa nusu saa, benchi zima linalisha watu kumi na wawili, na kwa watu kumi na wawili hata mkaa haulipiki vizuri. Kwa hiyo lazima tule upesi. Lakini tazama namna inavyofanyika. Hakuna bili, hakuna televisheni. Mama anasema, "Kaa, mwanangu, kula," na anamaanisha. Kinachokuinua ni mtu aliyesimama nyuma yako, sahani mkononi, mvuke wa maharage unampiga usoni. Unamwona, unaona aibu, unasogea. Tunainuana wenyewe kwa wenyewe.

Mwenye moyo wa kukukalisha hana mahali, na mwenye mahali anauza kiti kwa dakika. Mwaka 2021, wafanyabiashara wadogo walipoondolewa kando ya barabara za jiji, baadhi ya mabenchi niliyoyazoea yalipotea, na walaji wake tukajazana kwenye yale machache yaliyobaki vichochoroni. Miaka michache kabla ya hapo, kuanzia 2016, wizara zilikuwa zimeanza kuhamia Dodoma, zikaondoka na watumishi waliokuwa wakila hapo kila siku. Kwa hiyo mama yuleyule kwanza alipunguziwa wateja, kisha akapunguziwa njia ya kuwaketisha waliobaki. Halafu mtu anaandika kwenye mtandao kwamba Watanzania hatuna utamaduni wa kula taratibu! Utamaduni tunao, aje nyumbani Jumapili aone. Tunachokosa ni benchi la pili.

Na muda upo, angalau kwenye karatasi. Sheria ya ajira ya 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Ondoa kusubiri lifti, kuvuka barabara, kupanga foleni na kurudi ukiwa unatoka jasho. Ukibakiwa na dakika thelathini, shukuru.

Dakika hizo unaweza kuzipeleka kwenye Bustani ya Mimea, karibu na Makumbusho ya Taifa, chakula kikiwa kwenye mfuko. Bustani ile ni ya tangu enzi ya Wajerumani, na kivuli chake ni kivuli kweli, si kile cha mwavuli wa kampuni ya simu. Kinachokuinua pale ni jua likihama, wakati mwingine mchwa. Kasoro ni kwamba wali umeshapoa na kuivia kwenye mfuko, na kula kwa kijiko cha plastiki huku umeshika kitabu kunahitaji mkono wa tatu. Makumbusho yenyewe yapo Mtaa wa Shaaban Robert. Nimeutembea mtaa huo mara nyingi adhuhuri nikitafuta pa kukaa na kitabu chake na sahani ya moto, kwa bei ya karani. Bado natafuta.

Nilipopapata ni Kisutu, mtaa wa mahekalu, kwenye moja ya sehemu zinazouza thali. Sinia la chuma, vibakuli vya dengu, viazi na mtindi, chapati nyembamba, wali kidogo, achari. Mhudumu anapita na ndoo ya dengu, anaongeza. Anapita na chapati, anaongeza. Hasimami mpaka ufunike sinia kwa kiganja. Hapa anayekufuata mezani anakuja kukuongezea, na jambo hilo peke yake linabadilisha namna unavyosoma. Siku moja mzee wa kaunta aliniona natazama saa, akasema, "Kula taratibu, baba, dengu haikimbii." Kinachokuinua pale ni tumbo.

Si peponi. Meza za chuma zinapiga kelele, feni moja inazunguka kwa hisani, na mla samaki ataona kama ameadhibiwa. Bei ni mara mbili au tatu ya benchi la uchochoroni, kwa hiyo mimi huenda mara moja kwa wiki, siku nyingine narudi kwa mama na kula nikiwa nimekunja magoti. Ukitaka kwenda, nenda saa nane kasorobo, wenye maduka wakiwa wameshakula. Chukua kitabu chenye sura fupi. Na usikae karibu na dirisha la jikoni: pilipili ikianza kukaangwa, hata riwaya iwe nzuri namna gani, utaifunga.