Nusu Saa ya Kusema, Saa Nzima ya Kujibu

Mhadhiri anayezungumza na umma huonyesha ufundi wake hasa akishamaliza kusema. Hotuba huandikwa ofisini, ikasomwa na kusahihishwa kabla ya siku yenyewe. Lakini mikono ikishainuka ukumbini, hana karatasi ya kumwokoa. Mfano ninaouheshimu kuliko yote ulitokea Iringa, miaka ya 1960.

Mkuu wa Shule ya Mkwawa alimwalika Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, aje azungumze na wanafunzi kuhusu fizikia na maendeleo ya taifa. Nchi ilikuwa changa, na vijana walikuwa na haki ya kujua elimu ya maabara ingelifaa nini taifa lao. Osborne alisema kwa nusu saa tu. Maswali yakachukua saa nzima: namna ya kuingia chuo kikuu, mambo ya mtaala, hata unajimu.

Kati ya walioinuka alikuwapo Erasto Mpemba, na swali lake lilikuwa la siku nyingi. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto, yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Maziwa huchemshwa, hutiwa sukari, huachwa yapoe, ndipo yaingizwe kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa ya kugombania, naye akayaingiza ya kwake yangali moto. Mwenzake aliweka ambayo hayakuchemshwa kabisa. Baada ya kama saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga hakushangaa hata kidogo, kwani naye huyaweka yakiwa moto ili yawahi kuganda. Wauzaji wa mtaani walikuwa wakilitumia jambo ambalo darasani lilikataliwa. Na hapo Mkwawa, alikokuja kuendelea na masomo, mwalimu mwingine alikuwa ameshamwambia kwamba hiyo si fizikia ya dunia, ni fizikia ya Mpemba, na darasa likayageuza maneno hayo kuwa utani.

Basi akauliza mbele ya mgeni: ukichukua vyombo viwili vyenye maji ya kiasi kimoja, kimoja kwenye nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda. Kwa nini? Ukumbi ukacheka.

Tazama sasa alivyofanya Osborne. Alitabasamu, akamwomba kijana alirudie swali. Kurudia kulimpa yeye nafasi ya kusikia vizuri, na kulimpa Mpemba nafasi ya kusema bila kicheko kumfunika. Halafu akauliza jambo moja: umelifanya mwenyewe? Ndiyo, akajibiwa. Hakuuliza umelisoma wapi, wala nani kakuambia. Mwisho akasema kwamba hajui, na kwamba akirudi Dar es Salaam atalijaribu. Moyoni alidhani kijana amekosea, kama alivyokuja kuandika baadaye, lakini aliamini kwamba hakuna swali la kudhihakiwa. Kusema "sijui" mbele ya vijana waliokuja kumsikiliza msomi ni kazi nzito, na wengi hukwepa kwa kutumia maneno makubwa.

Ahadi za ukumbini aghalabu huishia ukumbini. Hii ilifika maabara. Osborne alimpa kazi fundi wa maabara, naye akaleta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza kweli, lakini wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Wakarudia kwa utaratibu. Walitumia bika za sentimita za ujazo 100, kila moja ikitiwa maji ya sentimita za ujazo 70. Maji yalichemshwa kwanza ili hewa iliyomo itoke. Bika ziliwekwa juu ya kipande cha povu la plastiki, joto lisipotelee chini. Kisha wakaweka utando mwembamba wa mafuta juu ya maji, waone kama uso wa maji ndio unaopoteza joto. Maji yaliyoanza kwenye nyuzi 25 ndiyo yaliyochukua muda mrefu zaidi kuanza kuganda. Yaliyoanza karibu na nyuzi 90 yaliwahi sana.

Mwaka 1969 makala yao ilitoka katika jarida la Physics Education. Jina la kwanza ni la Mpemba, la Osborne linafuata. Wanasayansi wangali wakibishana: mwaka 2016 watafiti walipima upya wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha katika maji, na mwaka 2020 wengine wakaonyesha jambo la aina hiyo kwa chembe ndogo mno. Wote wanaliita kwa jina la mwanafunzi aliyechekwa.

Mkwawa yenyewe sasa ni chuo kikuu kishiriki, na mihadhara ya wazi haikosekani vyuoni kwetu. Ombi langu ni kwa wanaoiandaa. Ukumbi ukiwa wa saa moja na nusu, mpeni mzungumzaji nusu saa, na saa iliyobaki wapeni waliokuja kuuliza. Swali likikosa jibu, liandikwe, pamoja na jina la aliyeuliza na mahali atakapopatikana.