Kabla ya Kugusa Dozi

Saa nane mchana, shambani juu ya Soni, kipimo changu cha sukari kilisoma 3.1. Saa moja jioni kikasoma 17.8. Usiku wa manane mke wangu akaniamsha: shuka limelowa jasho, naongea maneno yasiyoeleweka. 2.6. Kwa kila namba nilikuwa na jawabu la haraka. Ya mchana niliimalizia soda nzima na mkate, ya jioni nikaiongezea yuniti sita, ya usiku nikarudi kwenye bakuli la sukari. Huu ni mwaka wangu wa 23 na kisukari aina ya kwanza, na kwa muda mrefu nilidhani huko ndiko kujitibu. Kumbe kila jawabu lilikuwa linazaa tatizo la saa zinazofuata.

Bembea hiyo imetulia, ingawa haijasimama kabisa. Nitaeleza ilivyotulizwa kwa mpangilio wake, maana siri iko kwenye mpangilio: dozi iliguswa mwisho.

Mimi, muuguzi na daktari tulianza na kichupa. Natumia insulini ya mchanganyiko, 30/70: sehemu 30 kati ya 100 ni ya haraka, 70 ni ya taratibu. Ikitulia hujitenga, maji juu, unga mweupe chini. Mimi nilikuwa nakivingirisha kichupa mara mbili tatu, kisha navuta. Kwa hiyo yuniti zilezile kwenye bomba leo zilibeba dawa nyingi ya haraka, kesho ya taratibu. Sasa nakivingirisha viganjani mara ishirini, polepole, kama mtu anayevuta tasbihi, mpaka chote kiwe kama maziwa.

Kisha joto lake. Mji wa Lushoto, ninakoishi, uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na chumba changu kina ubaridi wa kutosha kwa kichupa kilichofunguliwa, ambacho kwa kawaida hukaa nje ya friji wiki nne. Akiba ndiyo ya friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, kwa sababu insulini iliyoganda ni ya kutupa. Balaa langu lilikuwa safarini. Nilitoka Tanga na mfuko wa dawa juu ya mfuniko wa injini ya Coaster, pembeni ya dereva. Kufika nyumbani, chembe zimeng'ang'ania kioo cha kichupa. Nikaitumia dawa hivyohivyo, kwa uchungu wa pesa, na wiki nzima sukari ikagoma kushuka.

Lakini si kila joto la kuogopwa. Madaktari Wasio na Mipaka na watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumbani katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kenya, ambako hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaiga hali hiyo maabara. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2021 yalionyesha kwamba baada ya wiki nne insulini haikupoteza zaidi ya asilimia 1 ya nguvu yake. Basi chumba chenye joto ni jambo moja, na injini ya gari ni jambo jingine. Hata chungu kilichowekwa ndani ya chungu kingine, chenye mchanga mbichi katikati, kina mahali pake: hupoza kwa kukausha maji, kwa hiyo kitamfaa zaidi mtu wa hewa kavu ya Mkomazi kuliko wa ukungu wa Magamba.

Hatua ya pili ilikuwa ngozi. Muuguzi alinilaza kitandani, akapitisha vidole kushoto kwa kitovu, akabonyeza. Palikuwa na uvimbe laini, mpana kama kiganja cha mtoto, usiouma. "Baba, hili shamba umelilima miaka ishirini bila kulipumzisha." Ndivyo ilivyokuwa: nilipadunga palepale kwa sababu pamekufa ganzi. Dawa ikiingia kwenye uvimbe wa mafuta hunyonywa kwa kubahatisha, leo inachelewa, kesho inakuja yote kwa pamoja. Tuligawa tumbo na mapaja kwa wiki, kila sindano ikikaa upana wa kidole kutoka iliyotangulia. Alinionya: ngozi safi hunyonya vizuri, hivyo dozi ya zamani inaweza kukuangusha. Asiyeambiwa hilo hulijua akiwa chini.

Tatu, mlima. Nadunga saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sehemu ya taratibu hupata nguvu zaidi saa nne hadi kumi baadaye. Saa hizo mimi napandisha matuta na jembe begani, na misuli inayofanya kazi hunywa sukari, tena huendelea kuinywa hata usiku. Chakula nilikuwa nakila saa nane. Tukakirudisha saa sita, na saa nne pakawekwa kitafunwa. Nikianguka, soda nzima hapana: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, nasubiri dakika 15, napima, ndipo makande. Makande peke yake hayamwinui aliyeanguka. Maharage yake huchelewesha sukari.

Stripu ni ghali, kwa hiyo nilipima mara moja kwa siku, kwa zamu: kabla ya chai, kabla ya chakula cha mchana, kabla ya cha jioni, kabla ya kulala. Katika siku 14 kila wakati ulipata vipimo vitatu, na viwili vilivyobaki vikaenda saa tisa usiku. Hapo ndipo daktari alipoona kwamba 17 ya jioni ni mtoto wa 3 ya mchana. Akafuta zile yuniti sita. Ya asubuhi akaipunguza mbili.

Kupunguza kulinitisha. Utafiti mkubwa wa Marekani na Canada wa 1993, wenye watu 1,441, ulithibitisha kwamba sukari iliyobanwa hulinda macho, figo na mishipa ya fahamu. Lakini haohao waliobana waliangukia kushuka kukali mara tatu zaidi. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwetu sisi wa miaka mingi, mvua hunyesha bila wingu, maana mwili uliozoea kushuka huacha kutetemeka na kutoa jasho mapema. Wiki kadhaa bila kushuka huweza kuzirudisha dalili hizo. Zangu zimerudi nusu.

Juzi, siku moja baada ya kuhudhuria harusi, kipimo kilisoma 14. Zamani ningeshika bomba. Nilishika kwanza tumbo, kisha nikakiinua kichupa dirishani.