Sauti Ikae Katikati ya Dashibodi

Gari likishuka melini Dar es Salaam kutoka Japani, redio yake huja na masafa ya kwao. FM ya Japani huanzia 76, na kwa miaka mingi iliishia 90. Ya kwetu ni 87.5 hadi 108. Ndiyo maana mwenye IST au Noah aliyeinunua juzi hukuta redio inanasa stesheni mbili tatu, pengine hainasi kabisa, na shida hiyo ndogo ndiyo inayompeleka kwa fundi wa muziki wa gari kwa mara ya kwanza. Wengi hufungiwa kifaa cha kugeuza masafa wakaenda zao. Wengine hubadilisha redio nzima, kisha spika, na hapo ufundi wenyewe unaanza.

Kihonda, Morogoro, kandokando ya barabara ya Dodoma, wateja wa kazi hii hawakosekani, na ombi lao mara nyingi ni moja: mziki mnene. Siwalaumu. Besi inayogusa kifua ina raha yake. Lakini fundi ninayemvulia kofia ni yule ambaye kabla hajashika bisibisi anauliza, "Anayesikiliza zaidi ni dereva au abiria?"

Swali hilo lina sababu. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo dereva amekaa jirani kabisa na spika ya mlango wake, huku ya kushoto ikiwa mbali zaidi, tuseme kwa sentimita 60. Katika joto la Morogoro sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Ile ya kushoto humfikia ikiwa imechelewa kwa muda usiofika hata sehemu mbili za elfu za sekunde. Ni muda mdogo mno, ila sikio linaujua. Mjerumani Helmut Haas alionyesha mwaka 1949 kwamba sauti ile ile ikitoka sehemu mbili, mtu huisikia kana kwamba imetoka kule ilikotangulia kufika. Ndiyo sababu katika magari mengi mwimbaji amebanwa kwenye mlango wa dereva. Kazi ya fundi ni kumtoa huko na kumsimamisha mbele, katikati ya dashibodi.

Anaanzia mlangoni, na hapo ndipo saa zinapokwenda. Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa pamoja, na hewa ya nyuma ikipata upenyo ikakutana na ya mbele, besi hufa. Bati la ndani la mlango limejaa matundu yaliyofunikwa kwa nailoni tu. Fundi mwenye haraka huchomeka spika mpya, anarudisha ganda, na mteja anabaki akishangaa kwa nini spika ya bei kubwa haina mdundo. Fundi mzuri hubandua nailoni, husafisha bati kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, halafu hubandika karatasi nzito zenye gundi ya lami, akizikandamiza kwa rola ndogo hadi kwenye kona. Anagonga kwa kidole kukagua. Bati tupu hulia kama debe. Lililozibwa vizuri hutoa mlio mfupi, mzito. Matundu ya chini kabisa hayagusi, maana maji ya mvua yanayoteremka na kioo lazima yapate pa kutokea. Masika yakikuta yamezibwa, mlango unaliwa na kutu.

Kisha inakuja pete ya mbao ya kukalia spika, iliyopakwa vanishi kila upande, hata ndani ya matundu ya skrubu, isije ikavimba kwa unyevu. Anateremsha kioo hadi mwisho na kupima nafasi iliyobaki kati yake na sumaku. Kabla ya kufunga anachukua betri ya tochi, voti 1.5, anaigusisha kwenye nyaya mara moja na kuitazama koni. Ikiruka nje, chanya iko mahali pake. Ikirudi ndani, nyaya zimepishana. Spika mbili zikifungwa kinyume, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi inapotea na mwimbaji anatawanyika asijulikane yuko wapi. Kipimo hicho hakigharimu chochote, lakini nimepanda magari ya thamani ambayo hakikufanyika.

Twita ni kazi ya kuelekeza. Sauti nyembamba huenda zilikoelekezwa, hivyo kuinamisha twita kidogo tu hubadilisha wimbo. Mafundi wengi wajuzi huzifunga kwenye nguzo za kioo cha mbele na kuzipishanisha: ya kulia imtazame abiria, ya kushoto imtazame dereva. Ile iliyo karibu inapungua makali, ile ya mbali inapata nafasi. Anaishikiza kwa gundi ya muda, anakaa kitini, anasikiliza, anashuka, anaigeuza, anakaa tena. Hapa haraka haisaidii.

Sabufa haina usumbufu huo. Wimbi la besi ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, kuzidi gari lenyewe, na sikio haliwezi kutaja linakotoka; boksi likae kwenye buti. Ila kibao cha namba kikitetemeka, siri imefichuka, na muziki wote unahamia nyuma. Kipande cha sponji nyuma ya kibao kinatosha.

Kwa kujaribu, ningeomba muziki wa Morogoro wenyewe. Mji huu ulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na rekodi nyingi za miaka ya 1960 ni mono: kushoto na kulia kunatoka kitu kimoja. Katika gari lililopangwa sawa, Mbaraka anapaswa kusimama katikati, na gitaa lake hapo hapo. Akiegemea upande, kuna kosa. Redio nyingi za sasa zinaweza kuichelewesha spika ya karibu, na fundi huongeza kidogo kidogo huku macho ameyafumba mpaka sauti isogee.

Anachompa dereva, hata hivyo, anamnyang'anya abiria, ambaye sasa anamsikia mwimbaji amezidi kubanwa mlangoni kwake. Kwa hiyo gari la familia huwekewa mipangilio miwili: mmoja wa dereva akiwa peke yake, mwingine usiochelewesha upande wowote, ili baba na mama wanaokwenda Dodoma, kilomita 260 hivi, wagawane kasoro nusu kwa nusu. Mwisho anamwambia mwenye gari arudi baada ya wiki mbili, gundi ikishazoea jua, skrubu za milango zikazwe upya.