Kati ya elima na kifo chema: mama wa miaka hamsini yuko wapi?



Ushirika wetu unastahili sifa. Kwa miaka mingi vijitabu hivi vimetufundisha mambo ambayo watoto wetu wa mjini wanaanza kuyasahau: namna mahari ilivyohesabiwa, namna mapacha wanavyopewa majina, namna kilio kinavyoongozwa, chakula gani kinapelekwa kwa mama aliyejifungua. Mimi mwenyewe ninavitumia darasani. Lakini mwaka huu nilivipanga vyote juu ya meza na kuvipitia nikiwa na swali moja kichwani, na jibu halikunifurahisha. Katika kurasa zetu mwanamke anaonekana anapozaliwa, anapoona mwezi wa kwanza, anapoolewa na kuzaa, kisha anapokufa. Kati ya mtoto wa mwisho na kaburi hakuna kitu. Na wengi wetu tutaishi miaka ishirini, hata thelathini, ndani ya hiyo nafasi isiyo na neno.

Sisemi haya juu ya kugombana na wenzangu. Mimi pia nimeandika humu, na mimi pia niliruka. Nataka tuangalie pamoja kwa nini tunaruka, na nini inatupata kwa kuruka.

1. Kitabu juu ya msitu wetu

Nianze na kitabu kimoja, kwa sababu kinaongea juu ya Ituri na kinajulikana dunia nzima. Ni The Forest People cha Colin Turnbull, Mwingereza aliyeishi na Bambuti karibu na Epulu, upande wa Mambasa, katika miaka ya 1950. Kitabu kilitoka mwaka 1961.

Kurasa zake nzuri sana ni zile za elima. Msichana anapoona damu ya kwanza, Bambuti hawamfichi sawa mtu aliyechafuka. Anaingia katika nyumba ya elima pamoja na wasichana wenzake, wanaimba, wanafundishwa na mama mwenye umri anayeheshimiwa, na kambi nzima inajua na kufurahi. Turnbull anawalinganisha na wanakijiji majirani wao, ambao kwao damu ile ni kitu cha kuogopesha na cha kufungiwa ndani. Mtu wa kijiji anaposoma hapo anaweza kukasirika kidogo. Mwandishi alipenda sana msitu, na kila alipousifu msitu, kijiji ndicho kililipa. Hiyo ni kasoro, tumwambie. Lakini juu ya furaha ya elima sina sababu ya kumbishia.

Tena kuna mama mzee. Sura moja ya kitabu ina jina lake: kifo chema cha Balekimito. Alikuwa mama wa heshima, na baada ya kifo chake wanaume waliimba molimo usiku kwa usiku, ngoma ile kubwa ya kuamsha msitu. Na ndani ya molimo, ambayo ingeonekana kuwa mambo ya wanaume tu, anatokea mama mzee mwingine. Anacheza kuzunguka moto, anausambaza kwa miguu mpaka unakaribia kuzimika, na wanaume wanabaki na kazi ya kuurudisha. Halafu anachukua kamba, anawafunga wanaume shingoni mmoja kwa mmoja. Wananyamaza. Wanakubali kwamba amewafunga, na kwamba ni lazima atolewe kitu ili wafunguliwe.

Ni picha kubwa. Msichana ana wimbo wake, mama mzee ana kamba yake. Lakini msomaji auulize ukurasa swali hili: kati ya ile nyumba ya elima na ule moto wa molimo, nini ilifika katika mwili wa yule mama? Siku mwezi wake ulipokatika, nani alimwambia kitu? Aliamka usiku akiwa na jasho? Aliogopa? Kitabu kina sura ya elima, kina sura ya ndoa, kina sura ya kifo. Sura ya huo mpito haimo. Turnbull alikuwa mwanaume, tena kijana, na hatuwezi kumlaumu sana kwa mlango ambao pengine hakufunguliwa. Yule mama aliyefundisha wasichana ndani ya elima alijua mambo ya mwanzo wa damu, na kwa umri wake bila shaka alijua pia mambo ya mwisho wake. Hakuulizwa.

Turnbull alikuwa mgeni. Sisi tuko wa hapa, na mama zetu tuko nao nyumbani. Sisi tulikatazwa na nani kuuliza?

2. Maneno tuliyo nayo Bunia

Mtu asiseme kwamba hatuna maneno kabisa. Tunayo, na ndiyo yanayoniogopesha. Nimeyasikia sokoni, kanisani, hata katika chumba cha walimu: "Ule mama amekauka." "Shamba limechoka." "Sasa amekuwa mwanaume." "Damu imebaki ndani, njo inapanda mu kichwa." Na lile linalosemwa kwa sauti ya chini: kwamba mama wa umri huo akiendelea kulala na bwana wake tumbo litavimba.

Tazama kazi ya kila neno. Neno la shamba linampa bwana ruhusa ya kutafuta shamba lingine. Neno la damu iliyobaki ndani linampeleka mama kununua mizizi ya "kusafisha" tumbo ambalo halina uchafu wowote. Neno la tumbo kuvimba linaweka ukuta katikati ya kitanda cha watu waliopendana miaka thelathini. Na mama akiwa mjane, peke yake, mwenye hasira za ghafla na usiku bila usingizi, neno linalofuata tunalijua. Hatujasahau mwezi wa sita wa mwaka 2001, katika territwari ya Aru, mamia ya watu walipouawa kwa kusingiziwa uchawi. Sisemi kwamba menopozi ndiyo iliyoleta mauaji yale. Ninasema kwamba mahali pasipo na maelezo, woga unajiandikia maelezo yake.

Kwa wamama wa Ituri kuna uzito mwingine. Wengi walizika watoto katika vita ya 1999 mpaka 2003, na wengine tena tangu 2017 huko Djugu. Kwa mama wa namna hiyo, mwezi kukatika ni kuambiwa kwamba waliopotea hawatapata wadogo wa kubeba majina yao. Hicho ni kilio, lakini ni kilio kisichokaliwa na mtu.

3. Siku tuliyopiga makofi

Sasa niseme jambo ambalo linanifanya niandike. Nilikuwa na jirani, mama wa miaka hamsini na kitu, mchuuzi wa unga. Mwezi wake ulikuwa umekatika miaka miwili. Siku moja, tukiwa wamama sita kwenye barza, akafika akicheka:

"Mwalimu, mwezi yangu imerudi! Nilikuwa nasema niko mzee, kumbe ningali musichana."

Tulicheka. Mmoja akapiga makofi, akasema ni baraka, Mungu alifanyia Sara vilevile. Mimi mwenye diploma ya ualimu, ninayefundisha watoto wa watu, nilicheka pamoja nao. Hakuna kati yetu sita aliyejua kwamba damu inayorudi baada ya mwaka mzima bila mwezi haiko mwezi, na kwamba mama anatakiwa aende kupimwa wiki ile ile. Mara nyingi sababu inakuwa ndogo, lakini inaweza kuwa kansa. Kwake ilikuwa kansa ya mlango wa kizazi. Alipofika hospitalini ilikuwa imepita miezi tisa, na dokta hakuwa na mengi ya kufanya. Tulimzika mwaka 2016.

Nimefikiri sana juu ya yale makofi. Hatukuwa watu wabaya, tulimpenda. Lakini utamaduni wetu ulitufundisha kufurahia damu inayokuja, na haukutufundisha kitu juu ya damu iliyokwisha kwenda. Tulitumia somo la elima mahali ambapo halikuhusika.

4. Heshima ni nzuri, lakini haitoshi

Najua jibu litakalotolewa na wazee wa ushirika. Watasema: "Mwalimu, haya ni mambo ya wazungu. Kwetu mama aliyemaliza kuzaa anapanda, hashuki. Anakaa na wazee, anaongea, anasikilizwa."

Ni kweli, na sitaki tuipoteze hiyo kweli. Hata wenye elimu ya kisasa wameiona. Huko Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, Kristen Hawkes na wenzake walichunguza Wahadza tangu miaka ya 1980. Waliona kwamba wamama waliopita umri wa kuzaa hufanya kazi kubwa sana ya kuchimba mizizi ya chakula, na mama kijana akiwa na kitoto kichanga, kukua kwa yule aliyeachishwa ziwa kunaendana na bidii ya nyanya yake. Toka hapo wakatoa wazo kwamba pengine ndiyo maana mwanamke anaishi miaka mingi baada ya uzazi: kazi yake haijaisha, imebadilika. Mtu wa Bunia haitaji kusafiri mpaka Eyasi. Aangalie tu nani anayelea wajukuu yatima katika kambi ya Kigonze.

Lakini tusichanganye. Kumpa mama kiti cha mbele haipozeshi mwili wake usiku. Tena heshima yenyewe inaweza kumfunga mdomo: mama anayeheshimiwa ataanza vipi kusema mbele ya wakwe kwamba anasikia ukavu na maumivu? Na wale wanaosema mama zetu hawakulalamika, niwaulize waliwahi kuuliza. Mama yangu alikuwa anatoka usiku na kukaa nje kwenye barza, kitenge mabegani, hata wakati wa baridi ya mvua. Sisi watoto tuliamini anaomba. Nilipofika miaka arobaini na saba, nami nikaanza kutoka nje usiku, njo nikaelewa alikuwa anatafuta upepo.

5. Yanayofaa kujulikana

Niyaseme kwa ufupi, kwa kuwa kijitabu hiki si cha udaktari. Menopozi siyo ugonjwa. Mifuko ya mayai inapunguza kazi, homoni ya estrojeni inashuka, na mama akimaliza miezi 12 bila mwezi tunasema amefika. Mara nyingi ni kati ya miaka 45 na 55. Mwezi ukikatika kabla ya 40, aende kuonwa. Hakuna damu inayobaki ndani wala kupanda kichwani. Tumbo halivimbi juu ya tendo la ndoa. Ukavu una dawa zake na mafuta yake.

Moto wa ghafla na jasho la usiku vinafanana na homa. Nimeona wamama wakinywa dawa ya malaria mara tatu kwa mwezi bila kupimwa. Mama apimwe kwanza. Jasho la usiku likidumu, lichunguzwe pia kifua kikuu na ukimwi, maana si kila jasho ni menopozi. Mifupa inapungua nguvu, kwa hiyo chakula kina kazi: maharagwe, sombe, samaki wadogo wa Ziwa Albert wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Dawa za homoni zipo kwa wanaoteseka sana, ila ni dokta anayepima nani zinamfaa. Na mwezi ukianza kuruka, mimba bado inawezekana: mama aendelee kujikinga mwaka mmoja baada ya mwezi wa mwisho akiwa amepita 50, na miaka miwili akiwa chini ya hapo.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 liliweka shabaha kwamba wamama 70 kwa 100 wawe wamepimwa mlango wa kizazi kabla ya miaka 35, na tena kabla ya 45. Kile kipimo cha siki, ambacho ni rahisi kwa nchi zetu, kinafaa zaidi kabla ya menopozi, kwa sababu baadaye sehemu inayotakiwa kuonwa inaingia ndani na haionekani vizuri. Kwa hiyo mama anayengoja mpaka aonekane mzee amepitisha wakati wake. Kunyamaza kwetu kuna bei, na inalipwa hapo.

6. Ombi kwa ushirika

Naomba mambo matatu. Kwanza, kila mwandishi wa kijitabu kinachokuja aende kwa wamama wazee wa lugha yake, Kihema, Kilendu, Kialur, Kibira, Kinande, Kilugbara, na nyingine, awaulize: siku mwezi ulipokatika, watu waliita nini? Ulikatazwa nini? Ulipewa nini? Pili, waulizaji wawe wanawake, na wasiende na daftari siku ya kwanza. Tatu, tukutane na wauguzi wetu, tuchague pamoja maneno ya Kiswahili yasiyotukana, ili mama aweze kusema shida yake mbele ya dawati la kituo cha afya bila kuinamisha kichwa.

Mimi nimeanza na mama yangu. Ana miaka themanini sasa. Nilipomuuliza juu ya zile usiku za kwenye barza, alinyamaza kwanza, kisha akacheka, akaniambia: "Weye pia? Basi ikala hapa." Tuliongea mpaka saa nane za usiku. Yale aliyonieleza nitayaandika katika kijitabu kinachokuja, kama ushirika utanipa kurasa.