Ndege ya kilomita 15,000 kwa safari ya 6,450

Kutoka Entebbe hadi Gatwick, London, ni kilomita 6,450 hivi. Tangu tarehe 18 Mei 2025 Uganda Airlines inazimaliza bila kutua njiani, kwa muda unaokaribia saa tisa. Marubani na wahudumu wanaifanya kazi hiyo vizuri. Kosa lilifanyika kwenye maonyesho ya ndege ya Farnborough, Julai 2018, tulipotia saini ya kutaka ndege mbili za Airbus A330-800, na mpaka leo sijalimeza.

Namba mnazijua. A330-800 imeundwa kwenda kilomita 15,000 hivi kwa tangi moja. Mabawa yake na injini zake za Trent 7000 ni zile zile za A330-900. Tofauti kubwa ni kiwiliwili, ambacho kimepunguzwa karibu mita tano. Mita tano hizo ni viti. Unabeba bawa lile lile, unachoma mafuta yasiyopungua sana, halafu unapakia watu wachache: kwetu ni 258. Hasara hiyo anaikubali mwenye safari ndefu za kupindukia, na sisi hatuna. London haifiki nusu ya uwezo wa ndege hii. Dubai, ilikoanza kwenda Oktoba 2021, ni kilomita 3,700 tu! Mashirika mengine yalipiga hesabu hiyo mapema yakachukua -900. Walioagiza -800 duniani kote unawamaliza kwa vidole.

Watetezi wana wimbo wao: Entebbe iko juu, hewa ni nyepesi, ndege inapaa kwa taabu. Entebbe ina mwinuko wa mita 1,150 hivi na njia ya kurukia ya mita 3,658. Nairobi imepita mita 1,600, na Kenya Airways inapaa pale na 787 zake mpaka London. RwandAir inatoka Kigali, nako juu kuliko kwetu, inatua Heathrow na A330 za kizazi kilichopita. Hoja hiyo iachwe.

East African Airways, shirika letu la zamani, walijua kuchagua. Super VC10 walizoanza kuzirusha mwaka 1966 zilibuniwa kwa ajili ya viwanja vya joto na mwinuko: injini nne zote mkiani, bawa limeachwa wazi lifanye kazi yake ya kuinua. Walitazama uwanja na safari kwanza, ndipo wakatazama ndege.

Halafu A330-800 zetu ni mbili tu. Moja ikiingia karakana kwa ukaguzi mkubwa, iliyobaki inagawanywa London, Dubai na Mumbai. Mfikirie abiria wa hapa Namuwongo. Anapandisha Kisugu, anatokea Kabalagala, anafuata Ggaba Road mpaka Munyonyo, analipa shilingi 5,000 za barabara ya kulipia, na bado awahi uwanjani saa tatu kabla. Amechagua ndege ya moja kwa moja ili asikeshe Addis Ababa au Doha. Safari ikisogezwa nusu siku kwa kukosa ndege ya akiba, jirani yake aliyepitia Addis anamtangulia London. Tangu British Airways ituache Oktoba 2015 tulikuwa na muda wa kutosha kulifikiria hilo.

Na msiniambie -800 ilinunuliwa kwa ajili ya Guangzhou. Guangzhou ni kilomita 9,100 hivi kutoka Entebbe. A330-900, yenye uwezo wa kilomita 13,000 na ushei, ingefika imejaa abiria na mafuta ya akiba bado yamo tangini.