Fani ya Kupima Mtando wa Mti

Katika fani za upimaji ambazo watu huzitenda bila ya kusifiwa, sioni iliyo na adabu kuliko kupima mtando wa tanzu za mti mkubwa. Kwani unene wa shina hukubali kuzungushiwa tepu kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, na urefu huhesabika kwa pembe, ilhali mtando hauna mpaka wa kushikika ila ncha za majani zichezazo hewani. Asiyejua hukifuata kivuli, akapotea, kwa kuwa hata Nairobi, iliyo jirani ya Ikweta, jua la adhuhuri huwa utosini barabara mara mbili tu kwa mwaka, Machi na Septemba. Mpimaji hodari husimama chini ya utanzu uliotokeza kuliko wote, akaning'iniza timazi kama fundi mwashi, akaiacha itulie hata uzi ulingane na jani la mwisho, ndipo apigilie kijiti. Kisha hufanya vivyo hivyo upande wa pili wa shina, na tena kwa njia iikatayo ile ya kwanza msalaba, na wastani wa vipimo viwili hivyo ndio mtando.

Fani hiyo ikifika Kibera, palipokuwa mwitu askari wa Kinubi walipokuja kukaa mwanzoni mwa karne ya 20, huwa ni kazi nyingine kabisa. Kijiti hakina pa kusimama: ncha moja imeangukia juu ya bati, nyingine mtaroni, na ya tatu iko ndani ya ua wa mtu, anakoanika nguo. Sharti upige hodi, tena uwe na subira, kwani tangu nyumba zilipobomolewa Julai 2018 kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, mtu akunjuaye tepu huulizwa kwanza kama amekuja kuchora alama ya X ukutani. "Naupima mti tu, mama," utasema, nawe hutasadikiwa mpaka timazi ionekane. Kawangware taabu ni nyaya za umeme, ambazo kwa ajili yake mti hukatwa upande mmoja ukabaki chongo. Hapo msalaba hautoshi, bali tepu hutolewa kwenye kitovu cha shina kwa pande nane, wastani wake ukazidishwa kwa mbili.

Marekani, shirika la American Forests, lililoanza daftari la miti mikubwa mwaka 1940, hujumlisha mzingo kwa inchi na urefu kwa futi, lakini mtando huutilia robo tu ya futi zake. Kwa Kibera hisabu hiyo siiridhii. Tuseme mtando ni mita 18 kwa 14: wastani ni 16, na eneo lake ni mita za mraba 201 hivi, nacho chumba cha kupanga aghalabu ni futi 12 kwa 12, basi mti huo mmoja umefunika kadiri ya vyumba 15, ambavyo mabati yake, saa nane mchana, yangekuwa hayashikiki.