Kumpima Fundi wa Kabureta

Land Rover 109 ya petroli inapoanza kuishiwa nguvu mlimani, mafundi wengi hukimbilia kabureta. Ina skrubu nyingi, na mwenye gari akiiona imetandazwa vipande vipande juu ya gazeti huamini kazi inafanyika. Mimi humpima fundi hapo hapo. Anayeifungua kabla ya kuhakikisha kwamba petroli inaifikia anabahatisha, hata kama ana mikono myepesi.

Nazungumzia Series III, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1971, yenye injini ya lita 2.25, pampu inayoendeshwa na kamshafti, na kabureta ya Zenith 36 IV. Hilux na Peugeot 404 za zamani hutofautiana nayo kwa vipande tu. Njia ya kuchunguza ni ile ile.

Fundi wa kweli huanza kwa kuuliza. Silensa, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama, imetulia lakini gari linakufa likibebeshwa mzigo? Basi petroli inafika pungufu, na macho yaende kwenye chujio, pampu na paipu. Linakimbia vizuri lakini linazima ukisimama? Jeti ndogo ya silensa imeziba, au hewa inapenya mahali. Linazima baada ya mwendo mrefu, linapumzika, kisha linawaka tena kama kawaida? Hapo fundi ataanza na kifuniko cha tangi. Tundu lake la hewa likiziba, petroli inapungua bila hewa kuingia kujaza nafasi yake, mpaka pampu inashindwa kuvuta. Ukilegeza kifuniko ukasikia hewa ikinyonywa ndani, jibu umelipata bila spana.

Baada ya maswali huja chupa. Injini ikiwa imepoa na waya wa koili umechomolewa, fundi hufungua paipu inayoingia kwenye kabureta, huielekeza ndani ya chupa safi, kisha starta inazungushwa. Pampu nzima hutema petroli kwa mapigo yenye nguvu, pigo moja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Fundi mwenye subira huiacha chupa itulie kwanza. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hujikusanya chini kama shanga, na kutu hulala hapo hapo. Akiona kutu, tangi lishushwe lisafishwe. Ukisafisha kabureta ukaliacha tangi, utarudi gereji kabla ya mwezi kwisha.

Upande wa kati ya tangi na pampu ndio unaowashinda wengi, kwa sababu paipu iliyopasuka hapo huenda isidondoshe hata tone. Pampu inavuta, kwa hiyo ufa unanyonya hewa badala ya kumwaga petroli. Dalili ni mapovu ndani ya kikombe cha kioo cha pampu. Hapo pia utamtambua anayeijua kweli pampu hii: akikuta mkono wake wa kupampia umelegea, hasemi mara moja kwamba imekufa. Huizungusha injini mzunguko mmoja kwanza, maana nundu ya kamshafti inaweza kuwa imeshaubana mkono wa ndani ukafika mwisho.

Halafu atachomoa kijiti cha oili na kukinusa. Kiwambo cha pampu kikitoboka, petroli inaweza kuteremka kwenye oili na kuifanya nyepesi, na oili hiyo itaua beringi za injini. Mwenye pua ya namna hii mshike sana.

Kabureta yenyewe sasa ifunguliwe. Kasoro inayojulikana ya Zenith hii ni kifuniko cha juu kupinda, na dawa ya kukaza skrubu zaidi huongeza kupinda. Fundi mzuri huweka rula juu ya uso wake, huutazama dhidi ya mwanga, kisha huusawazisha taratibu kwa msasa uliolazwa juu ya kioo. Jeti huzipuliza kwa hewa au huzipitishia uzi mwembamba wa nailoni. Ukimwona ameshika waya wa chuma, mzuie. Jeti ni ya shaba laini, ukubwa wa tundu lake huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita, na mkwaruzo mdogo tu utakufanya uchome mafuta bure kila siku.

Liko jambo moja nisilolivumilia: kumpandisha kijana juu ya bampa amwagie petroli kwa chupa kwenye koo la kabureta huku starta ikizungushwa. Moto ukirudi nyuma, chupa hiyo imo mkononi mwake. Gereji inayofanya hivyo iache, hata ikiwa bei yake ni nusu.

Mwisho, malipo. Tumezoea kulipia vipande, kwa hiyo fundi aliyegundua tundu lililoziba la kifuniko hupewa pesa ya soda, na aliyebadilisha pampu, koili na kabureta bila sababu huondoka na bahasha. Ndivyo tunavyowafundisha mafundi kutouliza. Akikuonyesha chupa, akakueleza alichokiona, na gari likapanda mlima, mlipe kazi kamili ya uchunguzi, hata kama hakubadilisha kitu.